Kutambua Mazulia ya Kale ya Kibulushi kwa Rangi na Sufu

Anayeanza kujifunza mazulia ya Kibulushi kwa kawaida huanzia kwenye nakshi, na hapo ndipo anapopotea, kwa sababu nakshi iliyofumwa Khorasan, kaskazini-mashariki mwa Iran, katika karne ya 19 yaweza kuigwa popote, ilhali rangi na sufu huigwa kwa tabu. Anza kwa kuligeuza zulia, ulitazame mgongo kabla ya uso.

(Wabulushi tuwajuao Mombasa wazee wao walitoka Makran, pwani ya Iran na Pakistan, kuwatumikia masultani wa Oman, mazulia haya ni ya kaskazini zaidi, Khorasan, Sistan na magharibi mwa Afghanistan, na baadhi ni kazi ya majirani kama Watimuri, ingawa sokoni yote huitwa ya Kibulushi.)

Tafuta kwanza wekundu. Likunje zulia hadi nyuzi ziachane, uifuatilie rangi kutoka nchani hadi kwenye fundo. Nyekundu ya mizizi ya runasi, mmea wa kutilia rangi, hufifia polepole na kubaki nyekundu, lakini fuksini, rangi ya kiwandani iliyogunduliwa miaka ya 1850, huwa zambarau kali penye fundo na kijivu nchani. Chunguza pia mafundo meupe yanayopakana na nyekundu: yakiwa na uwaridi, rangi imechuja. Buluu haitakusaidia sana kukadiria umri, kwani nili ya kiwandani, iliyoingia sokoni mwaka 1897, kikemia ni ileile ya mmea.

Penye rangi ya kahawia iliyokolea hadi kukaribia weusi ndipo ninapokaa muda mrefu zaidi. Chuma kilichotumiwa kuishikisha rangi hiyo hula sufu kwa miaka mingi, hata sehemu nyeusi zikabonyea huku nyekundu na buluu zikibaki zimeinuka. Wauzaji wanalijua hilo, na wapo wanaozipunguza sehemu hizo kwa mkasi. Chukua kioo cha kukuzia: sufu iliyoliwa na chuma huwa kavu, inakatika ovyo, na urefu wake haulingani, iliyokatwa kwa mkasi ina ncha zilizo sawa.

Sufu nzuri ya Khorasan inang'aa na ukiibonyeza inarudi juu. Katika kazi za kale nyuzi za mtande, zile za urefu zinazofungwa mafundo, nazo ni za sufu isiyotiwa rangi, na kingo mara nyingi zimezungushiwa singa nyeusi za mbuzi. Mtande wa pamba kwa kawaida huashiria karne ya 20. Ukiambiwa kwamba uwanja wa hudhurungi wa msala ni manyoya ya ngamia, usikubali upesi, kwa maana mara nyingi ni sufu ya kondoo, ama ya rangi yake ya asili ama iliyochovywa katika maganda ya jozi.

Rangi moja ya kiwandani haitoshi kulikataa zulia. Wafumaji wa kabila walinunua rangi hizo madukani mara zilipowafikia, kwa hiyo mfuko wa tandiko wenye mafundo machache ya rangi ya chungwa kali waweza kabisa kuwa wa mwaka 1900, na ukawa umefumwa kwa matumizi ya nyumbani.