Laktobasili kwenye damu: sampuli imechafuka, au mgonjwa anaumwa?

Swali: Habari daktari. Mimi ni muuguzi wa wodi ya wagonjwa mahututi. Tuna mgonjwa wa saratani ya damu anayetibiwa kwa dawa kali, ana mrija kwenye mshipa mkubwa wa shingoni. Kwa wiki mbili tumekuwa tukimpa probayotiki (vijidudu hai vya kusaidia utumbo) kupitia mpira wa puani ili asiharishe kwa sababu ya antibayotiki. Sasa ana homa, na maabara wanasema damu yake imeota Lactobacillus rhamnosus. Wenzangu wanasema hao ni bakteria wazuri, jamaa wa wale wa mtindi, kwa hiyo sampuli ilichafuka tu. Yuko siku ya nne ya antibayotiki ya vankomaisini na homa haishuki. Nani yuko sahihi?

Jibu: Ndugu muuguzi, kabla hujasoma mengine, mpigie daktari wa zamu. Kwa mgonjwa wa aina hiyo, laktobasili kwenye damu ni ugonjwa mpaka ithibitike vinginevyo, na hiyo vankomaisini inaelekea haimgusi kabisa.

Wenzako siwalaumu. Damu ikipakwa rangi ya Gram, laktobasili anaonekana kama kijiti cha zambarau, na wale korinebakteria wa kwenye ngozi, ambao huingia kwenye sampuli kila mara, nao ni vijiti vya zambarau. Maabara yenye haraka huandika "uchafu wa ngozi" na kufunga faili. Kuna kipimo cha sekunde chache tu cha kuwatenganisha: tone la haidrojeni peroksaidi juu ya vimelea. Korinebakteria hutoa povu, laktobasili hutulia kimya. Halafu makazi yake ni mdomoni, kwenye utumbo na ukeni, wala si kwenye ngozi ya mkono, hivyo sindano haimzoi njiani kirahisi. Kama maabara wamemtaja mpaka jina la pili, rhamnosus, wameshavuka hatua ya kubahatisha. Omba hata hivyo damu itolewe tena, kutoka kwenye mrija na kutoka kwenye mshipa wa mkono, kabla dawa haijabadilishwa. Na ripoti ikiandika Lacticaseibacillus, usishtuke: mwaka 2020 ukoo wa Lactobacillus uligawanywa, kiumbe ni yuleyule.

Anafikaje kwenye damu? Uzuri wake unategemea mahali alipo. Utando wa ndani wa utumbo ni safu moja tu ya seli, na nyuma yake kuna seli nyeupe zinazowamaliza wachache wanaopenya. Dawa za saratani huua seli zinazogawanyika haraka, na seli za utando huo zimo. Wakati huohuo seli nyeupe zinashuka. Umeshamwaga mabilioni ya bakteria hai mbele ya ukuta wenye nyufa usio na mlinzi.

Njia ya pili inatuhusu zaidi sisi wahudumu: mikono yetu. Mfano ulio wazi ni wa probayotiki nyingine, Saccharomyces boulardii, ambaye si bakteria bali ni hamira, ndugu wa karibu sana wa ile ya mkate. Watafiti walipofungua pakiti zake wakamkuta hewani umbali wa mita moja, na kwenye mikono hata baada ya kunawa. Muuguzi akifungua kapsuli pembeni ya kitanda kisha akagusa mrija, amemaliza safari yote. Wapo waliopata hamira hiyo kwenye damu bila kumeza hata kapsuli moja. Aliyekuwa anapewa ni wa kitanda cha jirani. Mwaka 2017 mamlaka ya dawa ya Umoja wa Ulaya ilielekeza kwamba wagonjwa mahututi na wenye kinga dhaifu wasipewe kabisa hamira hiyo. Wenye mrija wa mshipa mkubwa walishakatazwa kabla ya hapo.

Kuhusu ukubwa wa hatari, kuna utafiti wa hospitali ya watoto mjini Boston, Marekani, uliochapishwa 2019. Kati ya wagonjwa mahututi 522 waliopewa probayotiki, 6 walipata laktobasili kwenye damu. Kati ya 21,652 ambao hawakupewa, ni 2 tu. Vinasaba vya bakteria wa kwenye damu vililingana na vya wale waliokuwa ndani ya kapsuli, na mmoja alikuwa ameshajijengea usugu dhidi ya antibayotiki ya rifampisini akiwa mwilini. Upande wa pili, Finland walianza kutumia rhamnosus kwa wingi mwaka 1990, na hadi 2000 maambukizi ya laktobasili kwenye damu hayakuongezeka nchini humo. Kwa hiyo mtu mzima wa afya anayekunywa mtindi sina neno naye. Ninaowahofia ni wa wodi yako, watoto njiti, na wenye valvu mbovu za moyo. Kwa njiti, FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, ilitoa onyo Oktoba 2023 baada ya kifo cha mtoto aliyekutwa na bakteria wa probayotiki kwenye damu.

Sasa dawa. Vankomaisini hufanya kazi kwa kung'ang'ania ncha ya matofali ya ukuta wa bakteria, pale ambapo alanini (aina ya asidi amino) mbili zimefuatana. Rhamnosus huweka lakteti mahali pa alanini ya mwisho, na dawa inakosa pa kushika. Amezaliwa hivyo. Isitoshe, vankomaisini inawafyeka washindani wake, hivyo siku hizo nne mmemsafishia shamba. Si jamaa zake wote walio hivyo, gasseri kwa mfano hufa kwa vankomaisini, ndiyo maana jina la pili ni la lazima. Kwa kawaida tiba ni ampisilini au penisilini, wakati mwingine pamoja na jentamaisini. Seftriaksoni nisingeitegemea bila kipimo cha usugu.

Probayotiki isimame leo. Mrija ujadiliwe na daktari, mara nyingi hulazimika kutolewa. Homa ikiendelea, au damu ikiota tena, aombe kipimo cha mawimbi ya sauti cha moyo, maana laktobasili anapenda kujibanza kwenye valvu.

Ile chupa ya probayotiki msiitupe. Iandikeni namba ya toleo na kuipeleka maabara pamoja na vimelea vya kwenye damu, walinganishe. Anayeibeba avae glavu, na asipitie kwanza kitanda cha mgonjwa.