Dhoruba za nje ya tropiki: tuogope maji kuliko upepo

Nipo Leicester. Hizi dhoruba za Uingereza zinazopewa majina ni sawa na kimbunga Hidaya?

Hapana. Hidaya, kilichotua Mafia Mei 2024, kilipata nguvu kutoka kwenye joto la bahari. Dhoruba za huko uliko ni za nje ya tropiki, yaani nje ya ukanda wa joto ulio karibu na ikweta: huzaliwa pale hewa baridi ya kaskazini inapokutana na hewa vuguvugu ya kusini. Tofauti ya joto kati ya hewa hizo mbili ndiyo inayoziendesha.

Basi, kwa kuwa Aktiki, eneo la ncha ya kaskazini, inapata joto haraka kuliko kwingine, si zitapungua makali?

Umeuliza vizuri sana. Karibu na uso wa dunia, kweli tofauti inapungua. Lakini kilomita 10 hivi juu angani, hewa ya tropiki ndiyo inayozidi kupata joto, na kule tofauti inaongezeka. Mambo haya mawili yanavutana. Ndiyo maana ripoti ya mwaka 2021 ya IPCC, jopo la Umoja wa Mataifa la mabadiliko ya tabianchi, inatarajia idadi ya dhoruba hizi duniani ibadilike kidogo tu.

Sasa hofu yote ya nini?

Maji! Kila nyuzi 1 ya Selsiasi inapoongezeka, hewa huweza kubeba mvuke zaidi kwa karibu asilimia 7. Upepo unaweza kuwa uleule, mvua ikawa nyingine kabisa.

Tazama Libya, Septemba 2023. Dhoruba Daniel ilitoka Ugiriki ikavuka Mediterania iliyokuwa na joto kuliko kawaida. Mji wa Al-Bayda ulipata milimita 414 za mvua kwa siku moja. Huko Derna, mabwawa mawili yaliyojengwa miaka ya 1970 yakapasuka usiku watu wamelala, na maji yakabeba mitaa mizima hadi baharini. Waliokufa ni maelfu. Mwaka mmoja kabla, mtaalamu wa maji wa Libya alikuwa ameandika kwamba mabwawa yale yanahitaji matengenezo ya haraka. Mimi siwezi kuyaita yale maafa ya asili tu.

Mimi niko Boston, Marekani; tulifukiwa na theluji mwaka 2015. Joto liko wapi?

Liko baharini. Atlantiki yenye joto hutoa mvuke mwingi, na hewa ya nchi kavu ikiwa bado chini ya sifuri, mvuke huo hushuka kama theluji. Msimu ule ilipita mita 2.5.

Na kusini mwa dunia?

Huko njia ya dhoruba imesogea kuelekea ncha ya kusini tangu miaka ya 1980. Cape Town hutegemea dhoruba hizo kwa mvua zake za majira ya baridi. Kuanzia 2015 hadi 2017 nyingi zilipita mbali baharini, maji ya mabwawa yakapungua mno. Februari 2018 kila mkazi aliwekewa kikomo cha lita 50 kwa siku: kunywa, kupika, kuoga na kufua.