Katriji mpya ya pleya: anza na mkono ulio nao

Msomaji mmoja wa Mafinga ameniandikia wiki hii. Amerithi redio-gramu ya babu yake, lile kabati la mbao lenye redio, spika na pleya ya santuri kwa pamoja. Ameagiza katriji nzuri ya sumaku, yaani kile kichwa kidogo cha mbele ya mkono kinachobeba sindano, kutoka Dar es Salaam, fundi akaifunga, na sasa muziki unasikika kwa mbali mno hata volyumu ikifunguliwa yote. Anauliza kama ameuziwa feki.

Hajauziwa feki. Katriji yake ni nzima, ila haiendani na chombo alicho nacho. Nimeamua kumjibu hapa kwa kirefu kwa sababu kosa hili linarudiwa kila mahali, Iringa, Njombe, Mbeya, Tukuyu, na anayeumia mwishoni ni santuri. Santuri nyingi za bendi zetu zilichapwa Nairobi miaka ya 1960 na 1970, na hakuna mtu atakayezichapa tena kesho. Ukiiharibu ya Morogoro Jazz uliyoachiwa na mzee, imeondoka.

Redio-gramu za zamani, na pia pleya za kisasa za mkoba zinazouzwa kwa bei nafuu, hutumia katriji ya seramiki. Ndani yake kuna kipande kinachozalisha umeme kikikunjwa na sindano, na umeme huo ni mwingi: huanzia kama milivolti 100 na unaweza kufika mia kadhaa. Amplifaya ya redio-gramu imetengenezwa kuusubiri wingi huo. Katriji ya sumaku hutoa milivolti 3 hadi 6 tu. Tena inahitaji saketi ya kurekebisha sauti, kwa sababu tangu mwaka 1954 santuri hukatwa kwa mkunjo wa RIAA, chama cha kampuni za kurekodi za Marekani: besi hupunguzwa na sauti nyembamba huongezwa wakati wa kukata, halafu amplifaya inatakiwa kuyarudisha yote mahali pake. Saketi hiyo ndiyo inayokaa nyuma ya tundu la fono, lile la amplifaya la kuchomekea pleya. Redio-gramu haina. Ndiyo maana ndugu yetu anasikia sauti ndogo, kavu, isiyo na besi.

Kuna la pili ambalo ni baya zaidi. Mkono wa redio-gramu hukanyaga santuri kwa gramu 5, wakati mwingine zaidi. Katriji ya sumaku ya leo imetengenezewa karibu gramu 2. Kwa uzito ule kijiti cha sindano kinazama, mwili wa katriji unagusa santuri, na ukiendelea kinavunjika. Kwa hiyo kwake ushauri ni huu: itoe hiyo katriji leo, itunze, tafuta sindano mpya ya seramiki ya aina ileile iliyokuwemo. Omba ya almasi, usikubali ya yakuti, maana yakuti huisha haraka sana na huwezi kuliona hilo kwa macho. Katriji ya sumaku itasubiri pleya inayoistahili. Na zile pleya za mkoba zisikushughulishe kabisa, kwa kuwa katriji yake imeunganishwa na mkono wenyewe na hakuna cha kuboresha zaidi ya kubadili sindano.

Sasa kwa wenye pleya yenye mkono wa kurekebishika, uzito wa nyuma wa kuzungusha, na katriji inayofungwa kwa skrubu mbili. Nafasi kati ya skrubu hizo ni milimita 12.7 karibu dunia nzima, na skrubu ni M2.5. Kama katriji yako haina skrubu bali inachomekwa moja kwa moja mbele ya mkono kwa pini nne, hiyo ni aina ya kuchomeka. Yenyewe ilisanifiwa na uzito wake mapema, katriji ina gramu 6 na sindano hukanyaga kwa gramu 1.25, hivyo tafuta nyingine ya kuchomeka na mambo yameisha.

Watu wakishapata hela kidogo hukimbilia katriji za koili, zile ambazo koili ndiyo inayotikisika badala ya sumaku, kwa kuwa wamesoma zinasifiwa. Nasema wazi: kwa nyumba nyingi za huku kwetu, usinunue. Nyingi hutoa milivolti 0.2 hadi 0.5 tu, zinadai priampu yake maalumu (kifaa cha kukuza sauti kabla ya amplifaya), na sindano ikiisha huwezi kuichomoa ukaweka nyingine, inabidi katriji nzima ibadilishwe au isafirishwe kwa mtengenezaji. Denon DL-103, iliyobuniwa na kampuni hiyo pamoja na shirika la utangazaji la Japani, NHK, mwanzoni mwa miaka ya 1960, ni katriji ya kuheshimika hadi leo. Lakini hutoa milivolti 0.3, hukanyaga kwa gramu 2.5, na inataka mkono mzito. Ukiifunga kwenye mkono mwepesi na amplifaya ya kawaida, umenunua jina.

Nunua ya sumaku, na nunua ambayo sindano inachomoka. Kwangu mimi hicho ndicho kigezo cha kwanza, kabla ya sauti. Familia ya Audio-Technica VM95 ni mfano mzuri kwa sababu mwili ni mmoja na sindano ni za aina nyingi: unaanza na ya bei ya chini, kesho unabadili sindano tu, na hata ya santuri za 78, zile za zamani za mizunguko 78 kwa dakika, ipo. Mwili wake una nyuzi za skrubu tayari, hakuna nati ndogo za kudondoka kwenye zulia. Ortofon 2M Red nayo ni nzuri, na sindano ya 2M Blue inaingia kwenye mwili uleule.

Ncha ya sindano ndiyo inayoamua mengi kuliko jina la kampuni. Ncha ya duara ni ngumu kuiudhi, inavumilia marekebisho yasiyo sahihi sana, na inapita juu ya uchafu mwingi. Ncha ya yai inasoma maelezo madogo zaidi, hasa karibu na katikati ya santuri ambako mawimbi yamebanana. Ncha nyembamba zaidi, kama ile ya VM95ML, hugusa kuta za mfereji kwenye eneo refu na jembamba, na mara nyingi hufika sehemu ambazo sindano nzito za zamani hazikuzisaga. Kwa santuri chakavu za urithi hilo ni jambo kubwa. Ila ncha hiyo pia inasoma kila chembe ya vumbi, na isipofungwa sawasawa faida yake yote inapotea. Kwa anayeanza, na mwenye santuri nyingi ndogo za 45, mimi humpeleka kwenye ncha ya yai.

Tukumbuke santuri zetu zilivyo. Nyingi ni za 45, wimbo umekatwa sehemu ya kwanza upande huu na sehemu ya pili upande wa pili, na nyingi ni mono. Huhitaji katriji ya mono kuzifaidi. Kama amplifaya ina kitufe cha mono, kibonyeze: kelele zinazotokana na sindano kupanda na kushuka hufutana, na mikwaruzo inapungua papo hapo. Mwenye santuri za 78, zile nzito zinazovunjika, za enzi ya Siti binti Saad aliyerekodi Bombay mwaka 1928, asithubutu kuweka sindano ya kawaida. Mfereji wake ni mpana, unataka ncha yenye nusu kipenyo cha karibu mikroni 65 hadi 75, wakati sindano ya duara ya LP, santuri kubwa za kawaida, ni karibu mikroni 18. Sindano ndogo inaburuzika chini kabisa ya mfereji kwenye uchafu.

Halafu mkono. Mkono na katriji kwa pamoja vina mtetemo wao wa asili, na tunautaka ukae kati ya 8 na 12 Hz: juu ya mawimbi ya santuri zilizopinda, chini ya muziki. Hesabu yake si ngumu. Chukua uzito tendaji wa mkono (uzito ambao sindano huuhisi mkono ukitikisika), ongeza uzito wa katriji na skrubu, zidisha kwa unyumbufu wa katriji (jinsi kijiti cha sindano kilivyo laini), tafuta kipeuo cha pili cha jibu, kisha gawa 159 kwa hicho ulichopata. Mkono wa Technics SL-1200 una gramu 12. Weka 2M Red ya gramu 7.2 na skrubu, jumla ni kama 20. Unyumbufu wake ni 20. Zidisha upate 400, kipeuo ni 20, na 159 gawa kwa 20 ni karibu 8 Hz. Imepita, kwa shida kidogo. Katriji hiyo hiyo kwenye mkono mzito wa zamani wa gramu 25 inashuka hadi karibu 6, na hapo santuri iliyopinda kidogo tu itaifanya sindano iruke. Angalia pia kampuni imepima vipi: za Japani mara nyingi huandika unyumbufu wa 100 Hz, hivyo zidisha kwa kati ya 1.5 na 2 kabla ya kuutumia kwenye hesabu hii.

Upande wa amplifaya, tundu la fono la kilo-ohm 47 linatosha karibu katriji zote za sumaku. Wengi wanasahau waya. VM95 inataka jumla ya pikofaradi 100 hadi 200, kipimo cha chaji ambayo waya na amplifaya hushika, na waya mrefu wa bei rahisi pamoja na amplifaya yenyewe vinaweza kuvuka hapo bila wewe kujua. Dalili yake ni matoazi makali na herufi "s" inayochoma masikio. Dawa ni waya mfupi, si katriji nyingine.

Kufunga kunataka mchana wa utulivu. Acha kifuniko cha sindano mahali pake. Nyaya ni nne: nyeupe ni kushoto chanya, buluu kushoto hasi, nyekundu kulia chanya, kijani kulia hasi. Zishike kwa kibano, na usikubali fundi achomelee risasi kwenye pini za katriji, joto litaunguza koili za ndani. Kaza skrubu nusu tu. Chapisha kipimo cha karatasi cha kupangia katriji, hakikisha printa haijapunguza ukubwa (pima kwa rula), kisha sogeza katriji hadi sindano itue kwenye nukta zote mbili huku mwili ukiwa sambamba na mistari. Kwa wenye 45 nyingi napendelea mpangilio wa Stevenson, ambao nukta yake ya ndani iko milimita 60.3 kutoka katikati, kwa sababu muziki wa santuri hizo unakwenda hadi ndani sana. Kwa LP, mpangilio wa Baerwald, milimita 66 na 120.9, unafaa zaidi. Kaza skrubu, pima tena, maana kukaza huisogeza.

Uzito ambao sindano hukanyagia santuri ndio unaoua santuri nyingi, na si kwa namna watu wanavyodhani. Wanaogopa uzito mkubwa, wanaweka gramu 1, sindano inapoteza mguso na kugonga kuta za mfereji kila sauti inapopanda. Uzito mdogo mno unachimba. VM95E, ile ya ncha ya yai, inataka gramu 1.8 hadi 2.2, weka 2. Usiamini namba za kwenye mkono peke yake. Mizani ndogo ya kidijitali ya kupimia dhahabu, inayosoma hadi gramu 0.01, Chunya haikosekani. Ila kama sahani yake ni ya chuma, sumaku ya katriji itaivuta na kukudanganya: weka juu yake kipande cha plastiki, rudisha mizani sifuri, na pima kwenye kimo kile kile cha santuri. Kizuia-mteleko, kile kinachozuia mkono kuvutwa kuelekea katikati ya santuri, kianze kwenye namba sawa na uzito huo. Ukisikia mkwaruzo upande wa kulia tu, kiongeze. Upande wa kushoto tu, kipunguze.

Hali ya hewa yetu ina mambo yake. Juni na Julai, Makete na Njombe, mpira mdogo unaoshika kijiti ndani ya katriji hukakamaa kwa baridi, na sindano inaanza kukwaruza asubuhi kisha inatulia mchana. Kabla hujalaumu katriji, acha chumba kipate joto kwanza. Kuanzia hapo hadi mvua za kwanza ni vumbi jekundu, na vumbi hilo ni mchanga. Piga santuri brashi kabla ya kila upande, na sindano isafishe kutoka nyuma kwenda mbele tu, kamwe si kwa pembeni. Huko Rungwe tatizo ni ukungu, na ukungu unataka kuoshwa kwa maji yaliyotoneshwa. Yale ya kuongezea betri yanafaa, lakini soma chupa mara mbili, asidi huuzwa rafu ileile. Spiriti usiiguse kwenye santuri za 78, inaziyeyusha.

Mwisho ni muda. Kwa makadirio ya Audio-Technica wenyewe, ncha ya duara huenda saa 500, ya yai 300, ile nyembamba ya ML 1,000. Saa 300 ni kama LP 450 za dakika 40. Hivyo ML, pamoja na bei yake, kwa saa moja ya muziki inaweza kukugharimu karibu sawa na ya yai. Piga hesabu hiyo kabla ya kuagiza, agiza kwa muuzaji anayekubali kurudishiwa, na mzigo ukipandishwa basi la Mbeya mwambie aiweke katriji kwenye boksi gumu na kifuniko cha sindano kikiwa kimebanwa kwa utepe wa karatasi wenye gundi.