Maswali ya Pesa: Huyu Carstens wa Mexico ni nani hasa?

Toleo lililopita niliandika sentensi moja tu, kwamba kuna serikali iliwahi kununua bima ya bei ya mafuta na ikalipwa mabilioni ya dola, na waziri wa fedha wakati huo alikuwa Agustín Carstens wa Mexico. Basi simu haijapumzika. Nimechukua maswali machache, mengine yalikuwa yanafanana na mengine yalikuwa matusi.

Mkubwa habari ya kazi. Mi nasoma uchumi, mwaka wa tatu, naishi Kahawa Wendani. Huyo jamaa alifikaje juu hivo, ama ni zile za kujuana? (Mwanafunzi)

Poa sana kijana. Kujuana iko, tusidanganyane. Alizaliwa Mexico City mwaka 1958, akasoma uchumi pale ITAM, chuo cha kibinafsi ambacho kimetoa mawaziri na magavana mpaka watu wa kule wamezoea, alafu akaenda University of Chicago akamaliza masters 1983 na PhD 1985. Ukiwa na hizo karatasi mbili Mexico ya wakati ule, milango ilikuwa inafunguka yenyewe.

Lakini angalia hii sasa. Kabla hata hajaenda Chicago alikuwa ashaingia Banco de México, hiyo ndo benki kuu yao, 1980, kama kijana wa atachimenti tu. Na Agosti 1982 Mexico ikaambia dunia haiwezi kulipa madeni yake, Septemba rais akazitaifisha benki zote za biashara. We fikiria una miaka 24, juzi tu ndo umeingia benki kuu, na unaona nchi yako inaishiwa dola. Baadaye akawa mweka hazina wa benki, akawa mkuu wa utafiti, akasimamia ofisi ya gavana Miguel Mancera, yaani zaidi ya miaka kumi na kitu amekula chumvi ndani ya taasisi moja kabla watu wa nje hawajamjua jina. Huko nje alianza kusikika alipoenda IMF 1999 kama mwakilishi wa Mexico na majirani zake, akarudi kuwa naibu waziri wa fedha, akaenda tena IMF 2003 kama naibu mkurugenzi mkuu, na Desemba 2006 Rais Felipe Calderón akampa wizara ya fedha yenyewe.

Ushauri wangu, kama unataka njia yake, jifunze hesabu za akiba ya fedha za kigeni. Hizo za kuongea kwa paneli zitakuja tu.

Mimi huuza mtumba Gikomba. Mwanzo wa 2024 dola ilifika 160 na bale ikapanda hadi nikaacha kuchukua kwa muda. Nasikia ya Mexico 1994 ilikuwa mbaya zaidi, ilikuwaje? (Mama wa Kayole)

Pole mama, na ndio, yao ilikuwa mbaya mara nyingi zaidi.

1993 walikuwa wametoa sifuri tatu kwa pesa yao, kila mtu akaona mambo yametulia. Serikali ilikuwa inaishikilia peso isitoke nje ya kiwango fulani, dola moja ilikuwa karibu peso 3.4. Alafu ukaja mwaka 1994 na balaa zake zote, Januari waasi wa Zapatista wakatokea Chiapas, Machi mgombea urais wa chama tawala Luis Donaldo Colosio akapigwa risasi kwa mkutano wa kampeni Tijuana, wawekezaji wakaanza kutoa pesa polepole. Ili wasiondoke wote, serikali ikawauzia bondi za muda mfupi zinaitwa tesobonos, ambazo unalipwa kwa peso lakini thamani yake imefungwa kwa dola. Sasa hapo ndo mtego ulikuwa. Peso ikishuka, deni linapanda lenyewe. Akiba ya benki kuu ikatoka kama dola bilioni 29 mwanzo wa mwaka hadi kama bilioni 6 mwisho wake, na tarehe 20 Desemba wakajaribu kuilegeza peso kidogo tu, asilimia 15, soko likawacheka, siku mbili baadaye wakaiachilia kabisa. Machi 1995 dola ilikuwa inapita peso 7. Bei za vitu mwaka huo zilipanda kama asilimia 52. Watu waliokuwa na mikopo ya nyumba na ya matrekta riba ziliwaruka, kukawa na kundi kubwa la wakopaji, El Barzón, wanaandamana nje ya mabenki.

Marekani iliwakopesha dola bilioni 20 na IMF karibu 18. Carstens alikuwa ndani ya benki kuu wakati wote huo, hakuwa bosi, lakini ni mtu wa vyumba vile.

Tofauti na yetu ni hii: sisi tulikuwa na Eurobond moja (bondi ya kukopa dola nje) ya dola bilioni 2 ya kulipwa Juni 2024, tarehe inajulikana na kila mtu, hofu ilikuwa moja. Februari serikali ilipotoa bondi mpya na kununua sehemu kubwa ya ile ya zamani, shilingi ikapanda hadi karibu 130 ndani ya wiki chache. Mexico deni lilikuwa linaiva kila wakati, vipande vipande, na kila kipande kina dola ndani.

Mi niko na matatu mbili za Embakasi. Sijaelewa kabisa hiyo ya mafuta. Unalipwaje bei ikishuka? Na sisi mbona hatufanyi hivo, tunangoja tu EPRA, wale wa kutangaza bei ya mafuta, kila tarehe 14 kama matokeo ya mtihani? (Mwenye matatu)

Hili ndo swali nililolipenda zaidi, ngoja nijikunje nilijibu vizuri.

Mexico inauza mafuta, na wakati ule karibu theluthi ya mapato ya serikali yalikuwa yanatoka kwa mafuta. Shida yao ni bei kushuka. Kwa hivyo kila mwaka wizara ya fedha inaenda kwa mabenki makubwa ya Wall Street inanunua haki ya kuuza kwa bei fulani. Ni haki, sio lazima, na bei ya soko ikishuka chini ya hapo benki inakulipa tofauti. Fanya kama bima ya matatu yako, unalipa mwanzo wa mwaka, gari isipogongwa hiyo pesa imeenda na hakuna mtu anakurudishia.

2008 bei ya mafuta duniani ilipanda hadi karibu dola 147 kwa pipa mwezi wa Julai. Kila mtu anaongea habari ya 200. Mwaka huo huo wizara ya Carstens ikanunua haki ya kuuza mapipa kama milioni 330 ya mwaka 2009 kwa dola 70, na ikalipa kama dola bilioni 1.5. Piga hesabu, ni kama dola 4 na nusu kwa kila pipa, pesa taslimu, kutoka bajeti ya nchi ambayo ina walimu na mahospitali, kwa ajili ya kitu ambacho wakati ule kingeonekana ni ujinga. Ingekuwa bei imekaa 100, wangechana karatasi na bunge lingewala nyama. Desemba bei ilikuwa chini ya 40. Wakati wa hesabu ulipofika mabenki yakalipa serikali ya Mexico zaidi ya dola bilioni 5.

Sasa niseme ukweli, hakuibuni yeye, Mexico ilikuwa ishaanza mambo ya aina hii kabla yake, na wameendelea baada yake, 2015 walilipwa zaidi ya bilioni 6 na yeye hakuwa wizarani. Kuna miaka mingi ada imeenda bure na magazeti yakapiga kelele. Lakini kati ya vyote alivyofanya, mi naona hii ndo ya kumkumbuka nayo, kuliko hata ugavana wa benki kuu alioupata baadaye. Kupandisha riba kila gavana anajua. Kutoa bilioni moja na nusu watu wakiwa wanasherehekea bei ya juu, hiyo ni wachache.

Sisi Kenya tuko upande ule mwingine, tunanunua, kwa hivyo tungehitaji haki ya kununua kwa bei isiyozidi fulani. Inauzwa, iko sokoni. Shida ni ada. Nani atasimama bungeni aseme tumetoa mabilioni ya shilingi na mafuta hayakupanda? Na ile mipango ya 2023 ya kuchukua mafuta kwa kampuni za Ghuba kwa mkopo wa siku 180, watu huichanganya na hii, ile inasogeza siku ya kutafuta dola, bei ya pipa bado ni ile ya soko. Ukiona tarehe 14 imekuumiza, ndo hiyo sababu.

We unamsifu tu. Hawa wote ni watu wa IMF, ni wale wale walituletea masharti miaka ya tisini tukalipishwa hospitali. Huyo aliwahi kukosea hata mara moja? (Msomaji mwenye hasira, Mathare)

Ndugu yangu, hasira yako iko na msingi, na ndio, alikosea, tena hadharani. Mwanzo wa 2008 aliambia Wamexico kwamba zamani Marekani ikishikwa homa wao walipata nimonia, safari hii watapata kamafua kadogo tu. Mwaka 2009 uchumi wa Mexico ulishuka kwa zaidi ya asilimia 5, moja ya mishuko mibaya zaidi huko Amerika ya Kusini na Kati, na juu yake Aprili ikaja H1N1, mahoteli yakafungwa. Hako kamafua kadogo bado wanamkumbusha. Kabla ya hapo, Januari 2007, miezi miwili hajamaliza ofisini, bei ya tortilla, zile chapati zao za mahindi, iliruka mpaka maelfu wakajaa barabara za Mexico City, wewe unajua unga ukipanda hapa huwa inakuwaje. Na bajeti yake ya mwisho ilipandisha VAT kutoka 15 hadi 16. Kwa hivyo hapana, sio malaika.

Lakini kwa IMF kuna kitu kingine. Aprili 2009 Mexico ilikuwa nchi ya kwanza kupewa mkopo wa akiba wa aina mpya, dola bilioni 47, bila yale masharti ya kila mwezi, na hawakuuchukua hata senti, ulikaa pale wa kutisha walanguzi wa sarafu. Na 2011 mkuu wa IMF Dominique Strauss-Kahn alipojiuzulu, Carstens aligombea kiti chake dhidi ya Christine Lagarde, waziri wa fedha wa Ufaransa. Tangu 1946 kiti hicho ni cha Mzungu wa Ulaya. Yeye mwenyewe alisema ni kama kuanza mechi ukiwa ushafungwa tano bila. Kanada na Australia zikamuunga mkono, nchi nyingi zinazoendelea, ambazo kila siku zinalia juu ya hicho kiti, zikaenda na Lagarde. Hapo mi hulaumu sisi wenyewe kuliko IMF.

Kwani aliachia ugavana kabla ya muda? Alifukuzwa? (Afisa wa benki, Upper Hill)

Hapana, hakufukuzwa. Aliingia Januari 2010, akaongezewa muhula wa pili 2016. Desemba 2015 mfumuko wa bei ulikuwa asilimia 2.13, haijawahi kuwa chini hivo tangu waanze kuhesabu, lengo lao ni 3. Alafu Trump akashinda Novemba 2016, peso ikaanguka zaidi ya asilimia 10 usiku huo, na Carstens tayari alikuwa amesema akishinda itakuwa kama kimbunga kwa Mexico. Wiki tatu baadaye akatangaza anaenda kuongoza BIS, ile benki ya mabenki kuu iko Basel, Uswisi. Watu walikasirika sana, ati nahodha anaruka majini. Akaombwa asogeze tarehe, akakaa hadi mwisho wa Novemba 2017, na riba ambayo ilikuwa 3 muda mrefu akaiacha 7. Mwaka huo bei ya petroli ilikuwa imepandishwa Januari kwa hadi asilimia 20 na mfumuko ukapita 6, kwa hivyo hakuwaachia nyumba safi pia.

Ni kweli alisema Bitcoin ni wizi? Mi niko na pesa huko. (Kijana wa Roysambu)

Februari 2018 Frankfurt, mbele ya wanafunzi, aliiita mchanganyiko wa puto la bei, mchezo wa Ponzi (ule utapeli wa kulipa wa kwanza kwa pesa za waliokuja nyuma) na janga la mazingira. Tangu siku hiyo bei imepanda mara nyingi sana, kwa hivyo waliomcheka wako na pesa. Mi naona kuhusu bei alikosea, kuhusu kuitumia kulipa vitu hakukosea, wewe mwenyewe Roysambu unalipa caretaker na M-Pesa. Kama hiyo pesa ni ya kodi ya mwezi ujao, itoe leo.

Saa hii yuko wapi, na kuna mwanamke aliwahi kushika hiyo benki yao? (Dada wa South B)

BIS alitoka mwisho wa Juni 2025, akachukua Pablo Hernández de Cos wa Uhispania. Carstens ndo alikuwa wa kwanza kuiongoza kutoka nchi inayoinukia, benki yenyewe ni ya 1930.

Mwanamke yuko, Victoria Rodríguez Ceja, gavana tangu Januari 2022, wa kwanza tangu Banco de México ianzishwe 1925. Sisi hapa Benki Kuu ya Kenya, Haile Selassie Avenue, bado hatujampata wa kuthibitishwa, Jacinta Mwatela alikaimu 2006 mpaka 2007, na sasa Susan Koech ni naibu gavana.