Vifaranga hawazitumii chuchu za maji: nianzie wapi?

SWALI: Daktari, habari za kazi. Mimi ni mfugaji wa Pasua, Moshi. Nina vifaranga 300 wa chotara wenye umri wa siku tisa. Nimefunga bomba moja lenye chuchu 20 (vali ndogo zenye kijiti cha chuma ambacho kuku hukidonoa ili anywe), nalo linapokea maji moja kwa moja kutoka kwenye simtanki lililo nje, juu ya mnara wa mita mbili. Juzi asubuhi niliondoa vyombo vya plastiki ili wazizoee chuchu, lakini hadi alasiri walikuwa wanalia na kujikusanya pale vyombo vilipokuwa. Nimevirudisha. Je, chotara hawawezi kujifunza, au ipo namna ya kuwafundisha?

JIBU: Nzuri, ndugu mfugaji, na ulifanya vyema sana kurudisha vyombo. Kifaranga hunywa maji yenye uzito unaokaribia mara mbili ya uzito wa chakula anachokula, na kwa joto la Moshi huzidi hapo. Akikosa maji huacha kula, kisha hudhoofika kabla mfugaji hajatambua. Kwa hiyo kiu isitumike kamwe kama njia ya kumfundisha.

Chotara hujifunza sawasawa na broila au kuku wa mayai. Kifaranga yeyote mwenye afya hudonoa kitu kinachometa, na tone la maji linaloning'inia kwenye ncha ya chuchu humvutia bila kufundishwa na mtu. Vifaranga karibu wote wanapozikataa chuchu, kasoro huwa kwenye bomba, na kwa maelezo yako naiona kwenye ule mnara wa mita mbili.

Maji yanayoshuka kutoka urefu huo hukandamiza chuchu kwa nguvu inayoushinda mdomo wa kifaranga. Ama kijiti cha chuma hakisukumiki kabisa, ama kikifunguka maji humrukia usoni, naye akirushiwa hivyo mara mbili tatu hakaribii tena. Kwa vifaranga wa umri wako, uso wa maji yanayolisha bomba unatakiwa uwe sentimita 10 hadi 15 tu juu ya bomba lenyewe. Usiushushe mnara. Chukua ndoo ya lita 20, ifunge boya la aina inayotumika kwenye tanki la choo, itundike ndani ya banda, kisha simtanki lijaze ndoo na ndoo ilishe bomba. Kinachoamua nguvu ya maji ni kimo cha uso wa maji, wala si wingi wake. Kwa hiyo kila wiki utaipandisha ndoo kidogo kadiri kuku wanavyokua, ilimradi chuchu zisianze kuvuja.

Ukishafunga ndoo, pima. Kinga kikombe chini ya chuchu moja, sukuma kijiti pembeni kwa dakika moja kamili, kisha pima maji kwa bomba la sindano. Kwa wiki ya pili ya umri, mililita 30 hadi 40 zinatosha. Rudia kwenye chuchu ya mwisho wa bomba, kwa sababu mara nyingi hapo ndipo hewa hujikusanya baada ya maji kukatika, na chuchu inaonekana nzima ilhali haitoi hata tone. Mpira mwembamba uliosimamishwa wima mwisho wa bomba, ukiwa wazi juu na ukipita kimo cha maji ya ndoo, huitoa hewa hiyo wenyewe. Angalia pia kwamba kijiti kinafunguka kikisukumwa pembeni. Zipo chuchu zinazofunguka kwa kusukumwa kwenda juu pekee. Hizo ni za kuku wakubwa, na kwa vifaranga hazifai.

Kimo cha bomba kinahitaji jicho lako kila siku. Kifaranga wa siku moja hutakiwa kuikuta chuchu usawa wa jicho lake. Wa siku tisa anatakiwa ainue kichwa na kunyoosha shingo kwa mshazari, nyayo zote mbili zikiwa zimekanyaga maranda. Akiwa anaruka au anasimamia vidole, bomba liko juu mno; akiwa anainamisha kichwa na kupinda shingo ili afikie, liko chini, na maranda yatalowa. Litundike kwa kamba ili ulipandishe kwa urahisi, na usawazishe maranda chini yake, maana bonde dogo lililochimbwa na miguu ya vifaranga hubadilisha kimo kwa sentimita kadhaa.

Baada ya hapo mafunzo yenyewe ni mepesi. Anza asubuhi, ili uwe na mchana mzima wa kuwatazama. Gusa chuchu moja moja kwa kidole hadi tone litokeze, hakikisha bomba lote lina mwanga wa kutosha, na usogeze sahani za chakula karibu nalo. Kamata vifaranga kumi hivi, gusisha mdomo wa kila mmoja kwenye kijiti hadi aonje maji, kisha mwachie palepale. Hao watarudi wenyewe, na wenzao watawaiga. Sioni haja ya kuwashika wote 300. Vyombo vya plastiki visogeze kidogo kidogo kuelekea kwenye bomba, kisha toa kimoja kwa siku, ukianza na kilicho mbali zaidi. Cha mwisho kibaki hadi utakapoona wanakunywa kwenye urefu wote wa bomba.

Usiku, wakiwa wametulia, papasa gole, yaani mfuko wa chakula ulio chini ya shingo, la vifaranga ishirini au thelathini kutoka kila pembe ya banda. Gole la aliyekula na kunywa hujaa na kubonyea laini. Likiwa gumu, lenye punje unazozihisi kwa vidole, huyo amekula bila maji. Ukikuta wengi wa namna hiyo, rudisha vyombo vyote kwa pamoja. Ukirudisha kimoja tu watakigombania, watalowana, na kifaranga aliyelowa hupigwa na baridi usiku hata Moshi.

Vyombo hivyo usivigawe. Glukosi na vitamini ni heri uzitie humo kuliko kwenye bomba, kwa kuwa huacha utelezi unaoziba chuchu. Chanjo ya Gumboro, ugonjwa wa virusi wa kuku wachanga, ambayo kwa ratiba nyingi huangukia wiki hii ya pili, nayo itolee humo, kwa maji yasiyo na klorini. Na kwa kuwa kabla ya chanjo ya maji kuku huzuiliwa maji kwa saa moja au mbili, siku hiyo usipunguze chombo chochote.

Mwisho, chuchu 20 kwa vifaranga 300 ni kuku 15 kwa kila chuchu. Wanaotosha ni kumi, au 12 kwa kubana sana. Ongeza chuchu kumi kabla hujakiondoa chombo cha mwisho, kwa sababu hata wakishajifunza wote, wanyonge watasukumwa nyuma na wenye nguvu.