Mpe mwalimu cha kuandika

"Mwanafunzi huyu ni mtiifu, ana nidhamu na hushirikiana vizuri na wenzake." Barua nyingi mno za mapendekezo zinazotoka shule zetu kwenda vyuo vya Marekani husema hivyo, na hazimsaidii mwombaji. Wanaosoma maombi wanataka kumjua mtoto huyu mmoja: huuliza maswali gani darasani, hufanya nini akikwama? Mwalimu mwenye mikondo minne hawezi kukumbuka hayo yote. Kumkumbusha ni kazi yako.

Chagua aliyekufundisha somo la msingi katika miaka ya mwisho na aliyekuona ukihangaika, hata kama hukupata A kwake. Barua ya mbunge au mjomba mwenye cheo haina uzito kama hajawahi kukufundisha. Soma masharti ya kila chuo. MIT, chuo cha teknolojia cha Marekani, kwa mfano, hutaka mwalimu mmoja wa hisabati au sayansi na mwingine wa lugha au sayansi ya jamii.

Mwandalie ukurasa mmoja wenye majina ya vyuo, tarehe za mwisho, unachotaka kusomea, na matukio matatu ya darasani kwake. Usiandike "napenda kemia." Andika: "Majibu ya titresheni yalipokataa kulingana, niligundua kulikuwa na kiputo cha hewa kwenye ncha ya bureti, nikarudia upya." Hapo mwalimu anapata pa kuanzia.

Akikwambia, "Andika mwenyewe nitie sahihi," jibu kwa adabu: "Mwalimu, nimeleta kumbukumbu tu, naomba maneno yawe yako." Barua yake na insha zako za maombi zikifanana lugha, msomaji huanza kushuku zote.

Kwenye Common App, mfumo wa mtandaoni wa kuomba vyuo vingi kwa fomu moja, kuna kosa linaloumiza zaidi, maana hutendwa kwa nia njema. Fomu ya mwalimu ina jedwali la kumlinganisha mwanafunzi na wenzake. Walimu wetu hawapendi kusifia kupita kiasi, basi huweka alama kwenye "nzuri". Katika jedwali hilo, hiyo ni juu kidogo tu ya wastani. Juu yake kuna ngazi nne zaidi, zikiwemo asilimia 10 bora, asilimia 5 bora na wale wachache wa asilimia 1. Usimwambie mwalimu akuweke wapi, ila mweleze ngazi hizo zina maana gani kabla hajafungua fomu.

Kabla ya kuwaalika walimu kwenye mfumo huo waandike barua, utaulizwa kama unaachia haki ya kuisoma barua. Iachie. Barua ambayo mwanafunzi anaweza kuisoma haiaminiwi sana.

Shule nyingi hazina mshauri wa wanafunzi, kwa hiyo mkuu wa shule au mwalimu wa taaluma ndiye hujaza ripoti ya shule na kutuma matokeo yako. Muone mapema. Anayemaliza kidato cha sita mwezi Mei aombe kabla ya kuondoka shuleni, kwani walimu huhamishwa. Common App hufunguliwa tarehe 1 Agosti, na vyuo vingi vya maombi ya mapema hufunga 1 Novemba. Wiki sita ni muda wa heshima kwa mwalimu.

Ukishatuma mwaliko, mpigie simu siku hiyohiyo. Barua pepe za mwaliko mara nyingi huangukia kwenye taka, na mwalimu huendelea kusubiri kitu ambacho tayari kimefika. Siku kumi kabla ya mwisho, ingia kwenye akaunti yako uone kama barua imewasilishwa. Kama bado, nenda kwake ana kwa ana na bando la intaneti.