Gemu yaanza vizuri, kisha picha zaanza kukwama

SWALI: Salaam aleikum, fundi. Laptopu yangu ina kadi ya picha ya GTX 1650 na RAM ya GB 8. Gemu ya mpira huanza na fremu 60 kwa sekunde bila taabu. Zikipita dakika 20 hivi, hushuka hadi 25, picha zikakwamakwama na feni ikanguruma. Nimeweka draiva mpya, nimefuta gemu na kuiweka upya, wapi! Kadi imekufa?
*Mchezaji, Kisauni*

JIBU: Waaleikum salaam, ndugu yetu. Usinunue kadi. Ingekuwa draiva, mara nyingi picha zingekwama tangu mwanzo. Ubovu unaosubiri dakika 20, tena feni ikinguruma, aghalabu ni joto. Prosesa ikikaribia nyuzi 95 hadi 100 hujipunguzia kasi isiungue, na kadi nayo hufanya vivyo hivyo, mara nyingi kabla ya kufika 90.

Hakikisha kwanza. Weka programu ya HWiNFO, ni ya bure, uiache wazi huku ukicheza nusu saa. Fremu ziliposhuka, joto lilikuwa ngapi, na kasi ya prosesa ilikuwa ngapi? Joto likiwa juu na kasi imeporomoka wakati huohuo, umeshamjua mwizi. Joto likiwa 70 tu, tazama RAM: GB 8 hujaa upesi ukiacha kivinjari wazi.

Sasa usafi. Pwani yetu twalala madirisha wazi, na vumbi likikutana na unyevu hugandamana. Kupuliza kwa nje hakutoshi. Zima mashine, chomoa chaja, fungua kifuniko cha chini, kisha chomoa waya wa betri kabla ya kugusa chochote. Mapezi ya kipozeo, yale mabati membamba yanayotoa joto, yaweza kuonekana safi kwa nje. Ondoa feni yenyewe, na hapo katikati ya feni na mapezi utakuta utando wa vumbi umelala kama kipande cha blanketi, umeziba hewa yote. Ubandue kwa brashi laini. Ukipuliza, zuia feni kwa kidole isizunguke, kwani ikizungushwa kwa nguvu huharibika beringi.

Kama mashine imetimiza miaka mitatu, badilisha pia pesti ya joto, ule uji mzito unaopitisha joto kutoka kwenye chipu hadi kwenye kipozeo. Futa ya zamani kwa spiriti ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi, weka mpya kiasi cha punje ya mchele kwa prosesa, na kwa kadi izidi kidogo mpaka chipu yote ifunikwe. Kaza skrubu kwa kufuata nambari zilizochapwa kando yake, 1, 2, 3, 4, kila moja kidogokidogo. Ukikaza upande mmoja kwanza, chipu yaweza kuvunjika pembe. Kama mkono hautulii, mpelekee fundi, lakini simama hapo uone feni ikitolewa.

Wakati unangoja, inua nyuma ya laptopu sentimita 3, usiiweke kitandani, na kwenye gemu punguza vivuli kabla ya kitu kingine chochote. Kisha weka kikomo cha fremu kinachogawanya sawasawa hezi za skrini, yaani mara inazojichora upya kwa sekunde: skrini ya 60, funga 30, ya 144, funga 48. Fremu 48 zilizotulia ni tamu kuliko 60 zinazoporomoka.

SWALI: Fundi, kompyuta yangu ya mezani haina kadi ya picha. RAM ni kijiti kimoja cha GB 8. Nianze kununua nini?
*Msomaji, Likoni*

JIBU: Kijiti cha pili cha GB 8, cha aina na kasi ileile. Picha zako zinachorwa kwa kutumia RAM ya kompyuta, na vijiti viwili hupitisha data kwa njia mbili badala ya moja, kwa hiyo gemu hupata nafuu unayoiona kwa macho. Bodi kuu ya kompyuta ikiwa na nafasi nne za RAM, kwa kawaida hutumika ya pili na ya nne kuhesabu kutoka kwenye prosesa. Ukivichomeka jirani, huenda vyote vikabaki njia moja. Programu ya CPU-Z itakuonyesha kama ni njia moja au mbili.